Nani Aliziumba Mbingu na Nchi?

Waumini wanaposimama Jumapili kukiri Kanuni ya Imani, iwe kwa Wakatoliki wa Tabora au kwa Walutheri wa Moshi, kifungu cha kwanza hupita haraka. Mungu ni mmoja, ni Baba, ndiye aliyeumba vyote. Wengi wanakijua kwa moyo tangu mafundisho ya kipaimara, na hakuna anayeshtuka. Kumbe karibu kila neno la kifungu hicho liliwahi kuwa na mpinzani wake. Na wapinzani hao hawakuwa wapagani. Walikuwa Wakristo, wengine wasomi wa kutajika, waliomfuata Yesu na papo hapo wakashikilia kwamba aliyeumba dunia hii si Baba yake.

Wengi wa watu hao wa karne ya 2 hawakusumbuliwa na swali la kama ulimwengu una muumba. Kilichowakera ni ulimwengu wenyewe: tauni, njaa, watoto wanaokufa wangali wananyonya, wadhalimu wanaozeeka kwa raha mustarehe. Kazi ya namna hii ilitoka mikononi mwa nani? Kama ni mwema, mbona imeharibika? Na kama si mwema, Yesu alikuwa akimwita nani Baba?

Tajiri wa Sinope

Aliyejibu kwa ukali kuliko wote alikuwa mfanyabiashara wa merikebu. Marcion alizaliwa Sinope, bandari ya Bahari Nyeusi ambayo leo iko kaskazini mwa Uturuki. Alifika Roma karibu na mwaka 140, akajiunga na kanisa la mji ule na kulitolea sadaka ya sesterti 200,000, fedha nyingi mno kwa jumuiya iliyokuwa bado ikikutania majumbani. Kisha akaanza kufundisha.

Marcion aliyasoma maandiko ya Wayahudi kama yalivyo, bila kuyageuza mafumbo. Humo alimkuta Mungu anayeuliza Adamu amejificha wapi, kana kwamba hajui. Alimkuta Mungu wa gharika, mwenye wivu, anayelipa jicho kwa jicho. Aliwasoma dubu waliowararua watoto 42 kwa kumtania nabii Elisha upara wake, kisha akamtazama Yesu anayewapokea watoto na kuwabariki. Hawa, alisema, hawawezi kuwa wa nyumba moja. Wapo miungu wawili. Mmoja ni yule aliyeumba dunia na kumpa Musa sheria. Ni wa haki, lakini mgumu, na uwezo wake una mpaka. Wa pili ni mwema mtupu, mgeni kabisa kwa ulimwengu huu, asiyehusika hata na punje moja ya mchanga wake. Huyu ndiye aliyemtuma Yesu, kwa huruma tu, kuwakomboa watu ambao hakuwaumba.

Matokeo ya fundisho hilo yaliingia mpaka chumbani. Kwa kuwa mwili ni kazi ya yule mungu mwingine, Yesu wa Marcion hakuzaliwa. Alishuka tu Kapernaumu akiwa mtu mzima, katika mwaka wa 15 wa Kaisari Tiberio. Wafuasi wake walikatazwa ndoa, wasije wakamzidishia muumba raia. Agano la Kale lilitupwa lote. Badala yake Marcion aliandaa mkusanyo wa maandiko ya Kikristo tu: Injili ya Luka iliyopunguzwa, na barua 10 za Paulo. Ndio mkusanyo wa kwanza wa aina hiyo unaojulikana, hivi kwamba mpinzani huyu alilisukuma Kanisa liamue ni vitabu gani vitakuwa Agano Jipya.

Mwaka 144 viongozi wa Roma walimtoa kundini na kumrudishia fedha zake zote. Hakuyumba. Alianzisha kanisa lake lenye maaskofu na makasisi, likaenea kutoka Italia hadi Siria. Huko Deir Ali, kusini mwa Damasko, yalipatikana maandishi ya jiweni ya mwaka 318 au 319 yanayotaja nyumba ya ibada ya Wamarcion. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe kutoka katika jengo lolote la ibada ya Kikristo, na ni ya watu waliomkataa Muumba.

Muumba aliyejisahau

Wagnostiki, Wakristo waliodai kuwa na ujuzi wa siri wa mambo ya kiroho, walikuja na jibu la namna nyingine. Valentinus, Mmisri aliyepata elimu yake Aleksandria, naye alifundisha Roma miaka hiyohiyo. Katika shule yake hakukuwa na miungu wawili waliosimama kukabiliana tangu milele. Kulikuwa na Baba mmoja asiyefikika, ambaye ndani yake mlitoka nguvu za kiroho, daraja baada ya daraja. Ya mwisho kati ya hizo, Hekima, ilitamani kisichokuwa cha daraja lake, ikaanguka, na katika mkanganyiko wa anguko hilo akazuka muumba wa dunia. Ulimwengu, kwa hiyo, ni tunda la ajali.

Kwa karne nyingi mafundisho haya yalijulikana zaidi kwa midomo ya maadui wao. Desemba 1945, wakulima waliokuwa wakichimba udongo wa mbolea karibu na mji wa Nag Hammadi, Misri ya Juu, walikuta mtungi. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya mafunjo vyenye majalada ya ngozi, vilivyoandikwa kwa Kikopti. Vinavyohesabiwa leo ni 13. Maandishi yaitwayo Kitabu cha Siri cha Yohane yamo katika vitatu kati ya hivyo. Humo muumba anaitwa Yaldabaoth, mwenye umbo la nyoka na uso wa simba. Anajigamba kuwa ni mwenye wivu na kwamba hakuna mungu mwingine ila yeye. Mwandishi anamkejeli papo hapo: asiye na mwenzake atamwonea nani wivu?

Si wote waliokwenda mbali hivyo. Ptolemy, mwanafunzi wa shule ya Valentinus, alimwandikia mwanamke mmoja aitwaye Flora barua ya upole kumfafanulia nani aliyetoa sheria ya Musa. Si Mungu mkamilifu, alisema, kwa kuwa sheria ile ina upungufu. Wala si Ibilisi, maana inapiga vita dhuluma. Ni muumba wa dunia, aliye katikati yao.

Mvuto wa mafundisho haya hauhitaji maelezo marefu. Yalimwosha Mungu mikono: maradhi, kifo na ukatili havikuwa vyake. Gharama yake ilikuwa kwamba mvua, ndoa na mkate navyo havikuwa vyake.

Mikono miwili

Gharama hiyo ndiyo iliyomshtua Ireneo, askofu wa Lyon, katika Ufaransa ya leo. Alishika kiti hicho baada ya mateso ya mwaka 177, ambamo mtangulizi wake, Pothinus, mzee wa zaidi ya miaka 90, alifia gerezani. Utotoni, huko Smirna, Ireneo alikuwa amemsikiliza Polikarpo, askofu wa mji huo, ambaye kwa simulizi ya Ireneo aliwahi kukutana uso kwa uso na Marcion. Marcion alitaka kutambuliwa. Polikarpo akamjibu kwamba anamtambua, kuwa kifungua mimba wa Shetani.

Karibu na mwaka 180 Ireneo aliandika vitabu vitano dhidi ya wazushi. Hoja yake yenye nguvu aliitoa mezani pa Bwana. Mkate na divai ni mazao ya dunia hii, alisema. Kama dunia ni ya mwingine, Kristo alitwaaje mali ya wenyewe na kuiita mwili na damu yake? Baba hakuhitaji malaika wala fundi wa kukodi, maana anayo mikono yake miwili, Mwana na Roho, na kwa mikono hiyo ameumba kila kitu.

Lakini ameumba kwa kutumia nini? Hapo Wakristo wenyewe hawakuwa na kauli moja. Justino Mfiadini, akimwandikia Kaisari Antonino Pio katikati ya karne ya 2, alieleza kwamba Mungu aliufanya ulimwengu kutoka katika maada isiyo na umbo, na kwamba Plato aliokota wazo hilo kwa Musa. Justino huyo ni mtakatifu hadi leo.

Mchoraji mmoja aitwaye Hermogenes alilifikisha wazo hilo mwisho wake. Kwake njia zilikuwa tatu tu. Mungu aliumba kutoka katika nafsi yake, au pasipo kitu, au kutoka katika kitu kilichokuwapo. Ya kwanza haiwezekani, kwa kuwa Mungu hagawanyiki vipande. Ya pili nayo haikubaliki: Mungu mwema, asiyebanwa na chochote, angeumba mema matupu, na sisi tunaona mabaya. Basi ilikuwepo maada ya milele, na mabaya yote yametoka humo.

Teofilo, askofu wa Antiokia, aliliona shimo lililofichwa katika hoja hiyo. Maada isiyo na mwanzo ni mshindani wa Mungu, kwa sababu kutokuwa na mwanzo ni sifa ya Mungu peke yake. Na fundi yeyote, akipewa mali, hutengeneza kitu. Ukuu wa Mungu uko katika kuumba pasipo kitu. Tertuliano wa Karthago naye alimwandikia Hermogenes kitabu kizima, na hakuacha kumdhihaki kwa uchoraji wake na kwa kuoa kwake mara kwa mara. Kuanzia hapo, kuumba pasipo kitu kukawa fundisho la Kanisa. Ila swali la Hermogenes juu ya mabaya lilibaki bila mlango wa kutokea. Muumba akishakuwa mmoja, na maada yenyewe ikawa kazi yake, hapana mwingine wa kulaumiwa.

Mwana yuko upande gani?

Ario, padre wa Aleksandria, alikubali yote aliyopigania Ireneo kuhusu Mungu mmoja. Shaka yake ilikuwa juu ya Mwana. Injili ya Yohane inafundisha kwamba vyote vilifanyika kwa njia yake. Je, yeye mwenyewe anahesabiwa pamoja na Muumba, au pamoja na viumbe? Ario alimweka kwa viumbe: kiumbe wa kwanza, bora kuliko wote, aliyefanywa kabla ya nyakati ili kwa njia yake Mungu aumbe vingine. Fundisho hilo lilisambaa kwa nyimbo. Inasimuliwa kwamba Ario aliwatungia nyimbo mabaharia, wasaga nafaka na wasafiri.

Mwaka 325 Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, leo Iznik nchini Uturuki. Uamuzi wao, waliouweka katika kanuni ya imani, ulikuwa kwamba Mwana amezaliwa na Baba bila kuumbwa, na ana umungu uleule. Atanasi, aliyehudhuria akiwa shemasi na baadaye, akiwa askofu, akapelekwa uhamishoni mara tano kwa ajili ya fundisho hilo, alikuja kulitetea kwa hoja fupi: kiumbe hakiwezi kuumba. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 uliikamilisha kanuni hiyo, na safari hii mbingu na nchi zikatajwa waziwazi kuwa kazi ya Baba.

Mabaya yalibaki. Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo, kabla ya kubatizwa Milano mwaka 387 alikuwa msikilizaji wa Wamani kwa takriban miaka tisa, akiamini kwamba nuru na giza ni falme mbili za milele. Alipowaacha, ilimbidi aeleze mabaya bila msaada wa mungu wa pili. Jibu lake ni kwamba mabaya si kitu kilichoumbwa. Ni upungufu wa wema katika kitu kilichoumbwa kuwa chema. Wakristo wengi wa Magharibi wameishi na jibu hilo tangu hapo, ingawa si wote walioridhika. Katika karne za 12 na 13, kusini mwa Ufaransa na kaskazini mwa Italia, watu walioitwa Wakathari walirudi kufundisha kwamba dunia inayoonekana ni kazi ya mwovu. Mtaguso wa nne wa Laterani, mwaka 1215, uliwajibu katika tamko lake la kwanza: asili ya vyote ni moja, vimeumbwa pasipo kitu, na hata Ibilisi aliumbwa mwema kabla ya kujiharibu mwenyewe. Jibu jingine lilikuwa la moto. Tarehe 16 Machi 1244, chini ya ngome ya Montségur, Wakathari zaidi ya 200 waliteketezwa.

Majibu ya kale hayajafa. Mashahidi wa Yehova wanaobisha hodi Kisumu au Bujumbura hufundisha kwamba Yesu ndiye pekee aliyeumbwa na Mungu moja kwa moja, na vingine vyote vikaja kwa njia yake. Ario angelitambua fundisho hilo. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hushikilia kwamba elementi ni za milele na Mungu alizipanga, karibu na pale alipokuwa Justino. Mabishano ya Wasabato na wengine juu ya siku sita ni ya muda na namna ya kuumba, na hapo hata Augustino hakuzichukua siku zile kuwa za kupimwa kwa jua.

Kwa Kiswahili, kazi ya kuitafsiri Biblia ilianzia hapohapo penye uumbaji. Mwaka 1844, Mombasa, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo akisaidiwa na kadhi wa mji. Sura tatu za kwanza zilichapishwa Marekani mwaka 1847. Kuhusu Muumba mmoja, mmisionari na kadhi walitoka katika dini zilizoafikiana. Lakini katika sura ya kwanza kabisa upo mstari ambamo Mungu, akikusudia kumfanya mtu, anasema kwa wingi. Wayahudi wengi wameuelewa kuwa anazungumza na malaika, na katika Kurani, Mungu hujitaja kwa wingi wa utukufu. Wakristo, tangu siku za Justino, wamesikia Baba akizungumza na Mwana.