Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari

Ndugu mkulima wa Msambweni, Diani, Matuga, Kinango na Lunga Lunga, methali hii ya wazee yakuhusu. Zamani daftari la wakulima lilikaa kabatini, na likiliwa na mchwa habari zako ziliishia hapo. Siku hizi daftari limo katika kompyuta zilizounganishwa kwa intaneti. Jina lililoandikwa kijijini huweza kusomwa Nairobi bila karatasi kusafiri.

Huenda ukauliza, faida yake nini? Mwaka 2023 machifu na manaibu wao walitumwa kuwaandikisha wakulima, ili waletewe habari za mbolea ya ruzuku kwa simu. Mwezi Agosti mwaka huo bei ya mfuko wa kilo 50 ilishushwa kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500. Asiyeandikwa hakuhesabiwa.

Lakini kompyuta haijui sura ya mtu wala haimwulizi jirani, yataka kitambulisho. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya katani na miwa, walikaa miaka mingi bila vitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kwenda Nairobi kudai haki hiyo, na Rais akaamuru wapewe. Wewe uliye nacho, usikiache sandukuni.

Basi fanya hivi:

1. Nenda mwenyewe kwa chifu au naibu wake. Ukiwa Mwanamisi kitambulishoni, usiandikwe Mama Juma.

2. Toa namba ya simu yako, si ya mwanao aliye Mombasa, kwani ujumbe utamfikia yeye.

3. Taja ekari zako kwa kweli, na mazao yako yote: mahindi, mihogo, minazi, mikorosho. Ukiongeza chumvi, hesabu ya wote huharibika.

4. Karani akimaliza, mwombe akusomee alichoandika. Tarakimu moja ikikosewa, utangoja ujumbe usiokuja.

5. Namba yako ya siri ya pesa usimpe mtu yeyote. Haihitajiwi katika kuandikishwa.

Tena ujue kwamba kuandikwa mkulima si kupewa hati ya kumiliki shamba. Jambo hilo lina ofisi yake.

Mwisho, jirani yako asiyejua kusoma usimwache nyuma. Siku ya kuandikishwa mpitie nyumbani kwake, mfuatane.