Mtaro Kwanza, au Taa?

Katika nyumba za askari nilimokulia, palikuwa na bomba moja la maji lililojengwa juu ya kilima, kando ya barabara, kwa sababu gari la kuleta saruji liliweza kufika hapo bila taabu. Wenye kuchota maji walikaa bondeni, wala hakuna aliyewauliza neno. Kila alfajiri mama zetu walipanda na ndoo tupu, wakashuka na ndoo zilizojaa, na siku za mvua, ardhi ilipoteleza, maji mengi yalimwagika njiani. Haikupita miaka mingi wakarudia kisima chao cha zamani, bomba likabaki kushika kutu. Aliyelijenga hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Nililikumbuka bomba lile niliposoma habari za Hanna Nassif, mtaa wa Kinondoni huko Dar es Salaam, ulio ukingoni mwa bonde la Msimbazi. Nyumba zilikuwa zimesongamana bila mpango, na mvua zikinyesha sana maji yaliingia vyumbani pamoja na uchafu wa vyoo vilivyofurika. Mradi wa kuutengeneza mtaa huo ulianza mwaka 1994. Wenyeji walikutana, wakachagua kamati yao, na katika haja zao nyingi wakatanguliza mitaro ya maji ya mvua. Kazi yenyewe ilifanywa zaidi kwa mikono kuliko kwa mashine, na wakazi, wanawake kwa wanaume, wakaajiriwa humo. Awamu ya pili ilifuata mwaka 1997.

Mtaro una tabia yake, ndugu msomaji, ambayo si kila mtu huifikiri. Huanzwa kuchimbwa chini, pale maji yatakapotokea, kisha hupanda kuelekea juu. Ukiuanza juu, wampelekea jirani wa bondeni mafuriko yako. Basi mwenye nyumba ya juu, aliyeuomba mtaro kwa sauti kubwa kuliko wote, hana budi kungoja mwenzake atangulie. Vivyo hivyo bomba linalopita chini ya barabara hulazwa kabla barabara haijashindiliwa, ijapokuwa watu waliitamani barabara kwanza. Kinachotakiwa kwanza na kinachowezekana kwanza ni vitu viwili, na sijaona mahali vinapokutana kwa amani isipokuwa katika warsha, fundi akiwa amekaa pamoja na watu.

Nilipata kuhudhuria warsha ya namna hiyo katika kambi moja. Ilifanywa mara mbili, asubuhi na jioni, ili walio zamu ya usiku nao wapate kusema. Kabla ya lolote, msimamizi alitaja fedha zilizopo: zatosha kazi moja kubwa, na kidogo juu yake. Hilo lilipunguza maneno mengi. Kisha watu walichora kambi yao mchangani kwa majivu na vijiti, wakataja haja tano: taa za njia, mtaro nyuma ya majiko, kivuko cha miguu, ua, na vyoo vya watoto. Kila mtu akapewa maharagwe matano ayaweke apendapo. Wanaume walipiga kura peke yao, na akina mama peke yao.

Maharagwe ya wanaume yalirundikana kwenye taa. Ya akina mama yalirundikana kwenye mtaro. Kama wangalichanganywa tangu mwanzo, nadhani taa zingalishinda, kwani wake wengi hawapendi kumpinga mume mbele ya wakubwa wake.

Ndipo haja zikalinganishwa mbili mbili. Haja tano huleta ulinganisho kumi, na kazi hiyo ilichukua saa nzima. Sajini mmoja alisema taa zitafukuza wezi. Mama mmoja akamjibu, "Bwana, mwizi huja usiku mmoja, mbu huja kila usiku." Watu wakacheka, lakini hawakuishia kucheka. Walikwenda wote nyuma ya majiko, nao wanaume wakayaona maji meusi yaliyotuama hatua chache kutoka watoto wanapochezea. Baadhi yao walikuwa hawajafika huko tangu wahamie.

Kijana mmoja alibaki na neno. Alisema hapa si kwao, mwakani huenda akapelekwa kwingine, ya nini kuchimbia wengine mtaro? Ni hoja ya kweli, na askari wengi huiweka moyoni bila kuitamka. Mzee wa watu, mjane aliyekuwa akipika katika mesi, alimwuliza, "Nawe paa unalolala chini yake, ulilijenga wewe?"

Mtaro ukawekwa wa kwanza, na fedha zilizobaki zikapewa taa tatu za njia ya chooni, ambazo akina mama nao walizitaka. Orodha ilibandikwa mlangoni mwa ghala, pamoja na bei ya kila mfuko wa saruji, mtu yeyote apate kuhesabu.

Saruji ilipofika, wajumbe wawili wa kamati walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Mmoja wao, yule mama wa mbu, alikuwa ameinakili ramani ya mchangani katika daftari la shule la mwanawe, akamwachia jirani aliyeingia katika nyumba yake.