Mbwa Akimeza Dawa za Binadamu

Katika Kata ya Likawage, wilayani Kilwa, mbwa hafugwi kwa anasa. Hulinda ufuta na mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani. Msimu wa kulinda, familia huhamia shambani na dawa zake, ambazo mara nyingi hukaa katika kifuko kimoja na chakula. Hapo ndipo mbwa huzipata.

Tunayoihofia zaidi ni isoniazidi, inayotibu kifua kikuu na pia kutolewa kama kinga kwa wanaoishi na VVU. Mwili wa binadamu una njia ya kuivunja ambayo mbwa hana. Kwa mbwa wa kilo 12, vidonge viwili au vitatu vya miligramu 300 vyaweza kuua, na degedege huweza kuanza ndani ya saa moja. Parasetamoli nyingi huharibu ini na damu; ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo na kudhuru figo.

Mwondoe mbwa, hesabu vidonge vilivyopungua, tunza pakiti. Mpigie simu afisa mifugo kabla ya safari, umtajie dawa, idadi, saa na uzito wa mbwa. Jina la dawa lina maana kubwa: sumu ya isoniazidi, kwa mfano, hutibiwa kwa sindano ya vitamini B6. Kutapisha husaidia saa moja au mbili za mwanzo tu, tena kwa maelekezo yake. Chumvi, ambayo wengi huikimbilia, yenyewe ni sumu kwa mbwa. Maziwa hayaondoi sumu. Mbwa aliyelegea au mwenye degedege asinyweshwe chochote.

Degedege na udenda huweza pia kuwa kichaa cha mbwa, hata kama pakiti iliyotafunwa imeonekana. Usimtie mkono mdomoni. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Yupo pia mwenye dawa. Matibabu ya kifua kikuu huchukua kwa kawaida miezi sita na hayafai kukatizwa, lakini si rahisi mtu kurudi zahanati kueleza kwamba dozi imeliwa na mbwa. Tunaziomba kamati zimsindikize mgonjwa wa namna hiyo bila kumcheka. Kwa msimu ujao, kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, lililofungwa juu ya nguzo ya dungu, linatosha. Hata watoto hawatalifikia.