Kijana akikosa kikapu, tusiseme hana kipaji



Hapa Igowole, kama sehemu nyingi za Mufindi, tumezoea zaidi mpira wa miguu na mpira wa pete. Mpira wa kikapu wengi wetu tunauona kwa watoto wetu, hasa wale wa sekondari, kwa sababu umo katika mashindano ya UMISSETA. Sasa kijana akitupa na kukosa mara tano mfululizo, watu kando ya uwanja husema: "Huyu hana mkono. Atolewe!" Kijana anasikia, anaona haya, na kesho haji uwanjani.

Leo tunataka kueleza kwamba mkono wa kutupa mtu hazaliwi nao. Unafundishwa. Ukiwa na kasoro hurekebishwa. Tena hata mzazi ambaye hajawahi kuushika mpira huo anaweza kusaidia, mradi anajua kusoma na kuandika.

Mlango wa kikapu

Pete ya chuma iko mita 3 na sentimita 5 kutoka ardhini. Ni urefu ule ule wa mpira wa pete wanaocheza dada zetu. Upana wa pete hiyo ni sentimita 45. Mpira wenyewe, ule wa wanaume, una upana wa karibu sentimita 24. Kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha. Mbona basi watu wanakosa?

Hebu chukua ndoo. Iweke chini, usimame, uitazame kutoka juu. Mdomo wake ni duara pana. Sasa inyanyue mpaka usawa wa macho. Mdomo umekuwa mwembamba kama ufa wa mlango. Ndoo ni ile ile, njia ya kuitazama ndiyo imebadilika.

Mpira nao ni hivyo hivyo. Ukipanda juu kisha ukashuka, unakuta mlango uko wazi. Ukienda umelala, unakuta ufa tu, unagonga chuma na kurudi. Basi jambo la kwanza ni hili: mpira lazima upande.

Kosa huanzia utotoni

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 14. Alianza kucheza akiwa na miaka 10. Alipewa mpira wa wakubwa, wenye uzito wa karibu gramu 600, na pete ilikuwa juu kabisa. Mikono yake haikuwa na nguvu za kutosha. Angefanya nini? Aliushusha mpira mpaka kiunoni, akausukuma kwa mikono yote miwili kama mtu anayerusha gunia kwenye lori. Mpira ukafika. Watu wakashangilia. Mwili wake ukashika njia hiyo.

Leo nguvu anazo, lakini bado anatupa kutoka kiunoni. Mpira unakwenda umelala. Tena mpinzani anauzuia kirahisi, kwa kuwa unaanzia chini. Kijana huyu si mvivu wala si mjinga. Alianza na vifaa visivyo vya umri wake. Sisi wakulima tunajua: mtoto hapewi jembe la baba yake siku ya kwanza. Ndiyo maana katika mpira wa kikapu wa watoto wasiozidi miaka 12, pete hushushwa mpaka mita 2 na sentimita 60. Mpira wao ni wa namba 5, ambao uzito wake ni karibu gramu 480.

Mtupo mzuri ukoje

Yafuatayo ndiyo mambo ya kutazama kwa mtu anayetupa kwa mkono wa kulia. Wa mkono wa kushoto ageuze.

1. Miguu. Iachane kwa upana wa mabega. Mguu wa kulia utangulie kidogo.

2. Magoti. Yakunjwe kidogo, kisha yanyooke wakati wa kutupa. Nguvu hutoka miguuni, kama vile mtu anapojitwisha debe la maji. Anayetumia mikono peke yake huchoka upesi.

3. Mpira. Ukae juu ya vidole, usilale kiganjani. Uanzie juu, karibu na paji la uso, siyo kiunoni.

4. Kiwiko cha kulia. Kiwe chini ya mpira na kielekee kwenye pete. Kikitoka nje kama bawa la kuku, mpira utakwenda pembeni.

5. Mkono wa kushoto. Kazi yake ni kushikilia mpira usidondoke. Usisukume.

6. Mwisho wa mtupo. Mkono unyooke juu, kiganja kianguke mbele, kama mtu anayetumbukiza mkono kwenye mtungi. Hapo mpira utazunguka kurudi nyuma. Mpira unaozunguka hivyo ukigusa chuma hupungua mwendo, na mara nyingi hutumbukia ndani.

Urefu peke yake hautoshi

Mtu atasema: "Mchezo huo ni wa watu warefu." Urefu unasaidia, hatukatai. Lakini tazama mfano huu kutoka NBA, yaani ligi kubwa ya Marekani. Shaquille O'Neal, aliyecheza huko kuanzia 1992 hadi 2011, ana urefu wa mita 2 na sentimita 16. Mitupo huru ni ile ya kusimama mstarini, mita 4 na sentimita 60 kutoka kwenye ubao, bila mtu kukuzuia. Katika kila mitupo huru 100, yeye aliingiza karibu 53 tu. Stephen Curry ni mfupi kuliko yeye kwa karibu sentimita 28, na huingiza zaidi ya 90.

Curry huyo alizaliwa 1988. Baba yake, Dell Curry, naye alicheza NBA. Alipokuwa mwanafunzi wa sekondari alikuwa mdogo na mwembamba, na alitupa mpira kutoka chini, kama kijana wetu wa mfano. Baba yake akamwambia abadilishe, auanzishe mpira juu. Wakati wa likizo walirudia kazi hiyo siku baada ya siku. Kwa muda hakuweza kufunga akiwa mbali na kikapu, ingawa zamani aliweza. Iliuma, lakini hakurudi nyuma. Tarehe 14 Desemba 2021 akawa mchezaji aliyefunga mitupo mingi zaidi ya pointi 3 katika historia ya ligi hiyo.

Siku za kukosa zaidi

Hapo ndipo vijana wengi wanapopotea. Anayebadilisha mkono hukosa zaidi mwanzoni. Watu wanasema: "Unaona! Zamani alikuwa afadhali." Kijana anarudi kiunoni kwake.

Sisi tuliosoma ukubwani tunayajua haya. Siku za kwanza za kushika kalamu, vidole viliuma na herufi zilipinda. Kuweka alama ya dole gumba kulikuwa rahisi zaidi. Kama tungepimwa kwa wiki ile ya kwanza, nani angefaulu? Basi tumpe kijana muda. Abadilishe wakati hakuna mashindano. Aanze karibu, hatua mbili tu kutoka kwenye pete, na asirudi nyuma mpaka mtupo wa karibu umekaa sawa.

Kazi ya mzazi na daftari

Kila jioni kijana atupe mara 20 kutoka mahali pamoja. Wewe mzazi, au kaka, au dada, simama na daftari. Andika tarehe na idadi ya mipira iliyoingia. Kwa ile iliyokosa, andika ilikokwenda. Baada ya wiki mbili daftari litasema lenyewe:

Kama mingi imepungua, haikufika kwenye pete, tazama magoti. Labda hayakunjwi, au mpira unakwenda umelala, au kijana amechoka.

Kama mingi imekwenda kulia au kushoto, tazama kiwiko, kisha tazama ule mkono wa pili. Huenda unasukuma.

Rekebisheni jambo moja kwa wakati mmoja. Ukimwambia mambo sita kwa pamoja, hatashika hata moja. Wala msiamue kwa siku moja. Siku ya upepo au ya mpira uliolowa mvua si siku ya kupima mtu.

Kuhusu uwanja, nguzo ya mlingoti na mbao za paina hazitusumbui hapa Mufindi. Fundi wa kuchomelea vyuma anaweza kukunja nondo ikawa pete. Tunashauri zifungwe pete mbili: moja ya wakubwa, na nyingine ya watoto kwenye mita 2 na sentimita 60.

Hajachelewa

Mtanzania wa kwanza kucheza NBA ni Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza mpira wa kikapu akiwa na umri wa karibu miaka 15. Mwaka 2009 alichaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia ligi hiyo. Hatusemi kila kijana wa Igowole atafika huko. Tunasema kwamba kijana wa miaka 14 hajachelewa kujifunza, na kwamba neno la mtu mzima kando ya uwanja linaweza kumjenga au kumvunja.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Kwa nini mpira unaopanda juu huingia kirahisi kuliko unaokwenda umelala?
2. Mtoto wa miaka 10 akipewa mpira wa wakubwa, kasoro gani inaweza kutokea?
3. Katika kijiji chenu, nani anaweza kushika daftari la vijana?