Keki ya Maembe Haingoji Kesho Mezani

Keki kavu isiyo na kitu ndani hukaa mezani siku mbili tatu bila matata. Ndiyo maana wengi huiweka vivyo hivyo keki iliyojazwa maembe na krimu, na hapo ndipo penye kosa. Vijidudu vinavyoharibu chakula huhitaji maji. Embe lililokatwa linayo tele, na krimu huongeza lishe. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi vijidudu huzaliana upesi, na joto la Dar es Salaam au Mombasa, ambalo Februari hupita nyuzi 30, limo humo humo. Kwa hiyo keki ya namna hiyo isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32, mwisho ni saa moja.

Watu husema sukari huhifadhi. Ni kweli kwa jamu, ambayo sukari yake hufikia takriban asilimia 60 na kuyashika maji hata vijidudu visiyapate. Embe lililonyunyiziwa vijiko viwili halifiki huko; hutoa maji tu, yakailowesha keki. Wengine hulalamika kwamba friji huikausha. Nalo ni kweli, lakini chombo chenye mfuniko hupunguza ukavu, na ukiitoa nusu saa kabla ya kuila, hulainika. Panapokatika umeme mara kwa mara, afadhali kujaza jamu, au matunda yatiwe siku ya kula. Keki iliyokauka italika kwa chai. Iliyochacha ni ya kutupa.