Saa 2 usiku, Google wakianza mkutano, mtoto awe amelala

KILA mwaka kampuni ya Google huwakusanya waunda programu mjini Mountain View, California, katika mkutano uitwao Google I/O. Kwa kawaida hotuba ya ufunguzi huanza saa 4 asubuhi kwa saa za huko. Kilwa Kivinje ni saa 2 usiku, watu wameshaswali Isha, na mwenye bando anaweza kuifuatilia moja kwa moja YouTube bila kiingilio.

Wazazi wengi huona hayo ni mambo ya vijana wa kompyuta. Lakini kinachotangazwa jukwaani pale ndicho kinachokuja kuingia kwenye simu anayochezea mwanao.

Chukua hotuba ya Mei 8, 2018. Google, ambayo hupata fedha nyingi kutokana na matangazo tunayoyaona kwenye skrini, ilitangaza njia za kutusaidia kupunguza kutazama skrini hiyo. Iliziita Digital Wellbeing: simu inaonyesha muda ulioutumia, inaweka kikomo kwa kila programu, na kioo kinapoteza rangi saa ya kulala ikifika. Haukupita mwezi, Juni 4, Apple nao wakatangaza Screen Time katika mkutano wao wa San Jose.

Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Wa chini ya miaka miwili wasikae mbele ya skrini. Wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji kulala saa 10 hadi 13. Piga hesabu: anayeamka saa 12 asubuhi, na mchana hakulala, anatakiwa awe usingizini ifikapo saa 2 usiku.

Tatizo ni kwamba Family Link, programu ya Google ya kumdhibiti mtoto, inataka mtoto awe na akaunti yake. Nyumba nyingi zina simu moja tu, ya mama au ya baba, na mtoto huazimwa atulie wakati chakula kikiwa jikoni.

Kwa nyumba kama hizo, mzazi, fanya haya:

• Fungua Mipangilio, tafuta Digital Wellbeing, chagua programu anayotazamia katuni, weka dakika 30. Kikomo hicho kitakubana na wewe pia. Kivumilie, kwani watoto huiga.

• Usiku simu ichajiwe mbali na anapolala mtoto.

• Nusu saa kabla ya kulala, zima skrini. Vitendawili na hadithi za bibi havimalizi bando.

Na kama unataka kuifuatilia hotuba ijayo, mlaze mtoto kwanza. Video itabaki YouTube hata kesho. Usingizi wake wa leo haurudi.