Baridi na Uvuvi wa Besi
Besi wa mdomo mdogo, samaki wa maziwa na mito ya Amerika ya Kaskazini, hana joto lake mwenyewe. Joto la mwili wake hufuata lile la maji. Maji yanapoanza kupoa, kabla ya majira ya baridi, hula kwa wingi. Lakini joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi za Sentigredi, mwili wake hulegea: huhamia kwenye kina, hukusanyika penye miamba, wala hafukuzi mawindo yaendayo kasi. Kwa hiyo mvuvi hushusha chambo hadi karibu na sakafu ya ziwa na kukivuta polepole, hasa alasiri, jua likiisha kuyapasha maji.

Hata hivyo iko hatari. Kwenye kina cha meta 10 mgandamizo ni maradufu ya ule wa juu. Besi akivutwa upesi, hewa iliyomo katika kibofu chake hutanuka, nacho hakina njia ya kuitoa. Akirudishwa majini aweza kuelea tu, hata akafa. Basi mvuvi anayekusudia kumwachilia samaki hana budi kuvua penye kina kidogo.